Mwiko wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anakuja Jumapili. Mke wangu kaniambia asubuhi, na kwamba mwanyumba, yule aliyemwoa mdogo wake, anamchongea mama kigoda kwa kisu na msasa tu. Mtu wa kujipendekeza tangu zamani. Nimeamua: nitamchongea mama mwiko, kwa mashine. Kazi ya mchana mmoja. Nimeazima msumeno wa umeme, drili na grinda kwa jirani anayechomelea vyuma. Akauliza kama nimewahi kuzishika. Nikamjibu kwamba swali lake limenishangaza. Hakugundua kuwa hilo si jibu.

Jumanne, 4 Machi
Duka la mbao liko mbali, kitanda chetu kiko karibu. Nimechomoa chaga ya katikati. Nikachora mwiko kwa penseli, nikaubana juu ya meza ya kulia, nikakata. Mwiko umetoka. Kipande cha meza nacho kimetoka, chenye umbo lile lile. Mke wangu kauliza meza imekosa nini. Nimeugeuzia ukutani upande ule.

Jumatano, 5 Machi
Tumeamkia sakafuni, godoro na sisi. Mke wangu kahesabu chaga zilizobaki, kwa sauti. Angenigombeza ingekuwa nafuu.
Leo drili, kuchimba tumbo la mwiko. Mtu hutoboa vishimo vifupi vingi, kisha husawazisha. Cha kwanza kilitokea upande wa pili. Vingine vikamfuata mwenzao. Sasa ni chujio. Nimechomoa chaga nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alhamisi, 6 Machi
Grinda haina subira. Ilinipokonya mwiko ikautupa ng'ambo ya ua. Mwalimu mstaafu wa jirani kauleta mwenyewe, pamoja na shuka lake lenye tundu jipya. Akauliza kwa adabu kama tumepoteza kasia. Nikamwambia ni mwiko. Akautazama pande zote, akasema bado anaona kasia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeifunga grinda diski ya msasa. Upande wa kushoto ulizidi wa kulia, nikaupunguza. Wa kulia ukazidi, nikaupunguza. Adhuhuri kasia likawa mwiko, alasiri kijiko cha chai, na nilipoitwa kula nilikuwa nimeshika kijiti cha meno. Lakini pande zake zililingana.

Jumamosi, 8 Machi
Akili ni nywele. Nimenunua mwiko sokoni. Muuzaji kausifia kwa ulaini; nikamwambia hilo ndilo tatizo. Nyumbani nimeukwaruza kidogo, uonekane umechongwa na mtu aliyepata taabu. Mke wangu kasema kumdanganya mkwe ni mwiko. Nimemsifu kwa mzaha huo. Hakuwa akitania.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaja na mwanyumba, ambaye mama amefikia kwake tangu Ijumaa. Kigoda kinayumba. Nilifarijika sana. Nikatoa mwiko. Mama akaugeuza.
"Umeuchonga mwenyewe, mkwe?"
Nikasema kwa mikono hii. Nikaeleza habari za msumeno, za drili, za grinda. Nilieleza kwa kirefu mno, kwa sababu akasema basi nimchongee mwingine, naye atazame. Akawekewa kigoda uani. Sikuwa na pa kutokea. Nikaleta chaga ya tatu, nikawasha grinda. Mbao ikapita juu ya kichwa cha mwanyumba, ikavunja kioo cha dirisha la jikoni.
"Zima, baba," mama akasema.
Nikazima.
"Huu mwiko niliushika jana sokoni. Nikaurudisha. Mpini mfupi."
Mwanyumba akatazama mawingu. Wema wake huo uliniuma kuliko yote. Mama akanishika mkono, akapapasa vidole kimoja kimoja kama anayetafuta kilichopungua.
"Miko inauzwa," akasema. "Mkwe mwenye vidole vyote nitamnunua wapi?"
Hakuuachia mkono upesi. Sikujua nitazame wapi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Nimeliona: soko lilikuwa karibu mno.
Mke wangu anasema mdogo wake ni mjamzito, na mwanyumba ameshaanza kupima mbao za kitanda cha mtoto. Kwa kisu, bila shaka. Kitanda ni rahisi, hakina tumbo la kuchimba. Mbao ninazo. Kabati letu la nguo lina milango miwili, na mtu hufungua mmoja tu.