Ngamia wa Tangazo

Kiangazi kilikuwa kimekaza, na katika soko la mifugo la Garissa malalamiko yalikuwa mengi kuliko mifugo. Abdilatif, aliyefika kutoka Eastleigh kuuza miwani ya jua na akashindwa, alikuwa kibandani akinywa chai aliposikia wanawake wakisikitika kwamba ngamia wao wamepunguza maziwa. Mtu mwingine angewahurumia. Yeye aliagiza chai ya pili, kwani alijua kwamba watu wenye hofu moja ni rahisi kuuziwa kitu kimoja.

Wiki iliyofuata, gari lenye vipaza sauti lilizunguka mji.

"Maziwa Tele! Unga asilia, wa kizazi kipya! Garissa nzima imeamka, mwenzetu bado umelala?"

Kwa ajili ya utaratibu, inafaa tueleze kwamba Maziwa Tele ulikuwa unga wa mahindi uliotiwa chumvi na rangi ya kijani ya keki. Haukumdhuru mnyama yeyote. Neno "asilia" liliwekwa pale kwa sababu hakuna mizani ya kulipimia. "Garissa nzima" ilikuwa watu wanne waliolipwa sambusa ili wapange foleni mbele ya gari. Naye "Daktari" Mustafe, mshirika wake, alikuwa amelinunua koti lake jeupe kwa muuza mitumba, likiwa bado na jina la bucha kifuani. Alilificha kwa kalamu tatu.

"Kuna mzee kule Hulugho," Abdilatif alitangaza, "ngamia wake alijaza pipa!"

Hulugho ilichaguliwa kwa uangalifu, kwa kuwa ni mbali. Angekuwa anauza Hulugho, bila shaka angemsifu mzee wa Hadado.

Wasio na fedha waliruhusiwa kulipa kwa mbuzi. Ndivyo Khadijo, bibi anayelea wajukuu, alivyomtoa mbuzi wake wa pekee wa maziwa ili apate unga wa ngamia wake aliyekauka. Ngamia aliupenda unga, akanenepa, na maziwa hakutoa. Khadijo akaenda kwa binti wa dada yake, Saado, mfanyabiashara wa maziwa ambaye ulimi wake uliogopwa hata na madalali.

"Niliona foleni," Khadijo alisema. "Nikajiuliza, hawa wote wanaweza kuwa wajinga?"

"Habaryar, mama yangu mdogo, foleni ile ilikuwa ya sambusa."

"Mbuzi wanaondoka Alhamisi kwa lori. Watoto watakunywa chai ya rangi mpaka lini?"

Saado hakwenda kwa polisi. Polisi wangeuliza kama Khadijo alilazimishwa, naye hakulazimishwa. Hiyo ndiyo sifa kuu ya tangazo. Badala yake alijifunga shuka vizuri akaenda kumwona Abdilatif.

"Mtaalamu, nasikia watu wameanza kumwulizia huyo ngamia wa Hulugho."

"Wivu wa washindani tu, eedo," alisema, akimwita shangazi kwa adabu ya sokoni.

"Hakika. Wangemwona mmoja hapa hapa akijaza ndoo, wangenyamaza. Mimi ninaye. Bahati mbaya ameshapata wanunuzi: dalali wa Wajir anafika kesho, na tajiri mmoja wa Ifo hanipi usingizi kwa simu."

Abdilatif alikuwa ameuza haraka na uhaba wiki nzima. Vilipoletwa mlangoni kwake, hakuvitambua.

"Dalali asubiri," alisema. "Nakuja alfajiri."

Alfajiri alimkuta Saado zizini, na wafugaji kadhaa wakiwa wameegemea ua. Ndama aliletwa kwanza, akanyonya kidogo, kisha akafungwa ubavuni mwa mama yake. Saado akasimama kwa mguu mmoja, ndoo juu ya goti, na povu likapanda hadi ukingoni.

"Mashallah," wafugaji walisema, kwa kuwa lilikuwa jambo la kweli.

Abdilatif hakuiona ndoo, aliona umati. Angemlisha ngamia huyu unga hadharani, amkame hadharani, kisha auze Maziwa Tele hadi Mandera.

"Unataka nini, eedo?"

"Mbuzi wote ulio nao."

Alijikunja kama mtu aliyechomwa mwiba, kisha akakubali haraka mno.

"Na ndama?" Saado aliuliza kwa sauti kubwa, kila mtu asikie. "Nakuongezea bure. Mchukue."

Wafugaji walianza kutafuna miswaki yao kwa bidii na kutazama mawingu, ingawa mawingu hayakuwapo.

Abdilatif akacheka. "Unanichezea? Huyo kazi yake ni kuninywea faida. Kaa naye."

"Una uhakika? Watu wa ngamia kwa kawaida—"

"Mimi nimezaliwa katikati ya ngamia!"

"Wallahi, nyote mmesikia."

"Tumesikia," walijibu kwa pamoja, bila hata mmoja kulipwa sambusa.

Kabla ya adhuhuri, mbuzi walikuwa wamerudi kwa wenyewe.

Kesho yake umati ulijaa sokoni. Mustafe, katika koti lake, alimsogelea ngamia na ndoo. Akavuta. Akavuta tena. Ngamia jike haachilii maziwa asipomwona wala kumnusa ndama wake, na hilo hakuna mfugaji anayefundishwa, kama vile hakuna anayefundishwa kupumua. Hakikutoka hata tone.

"Anahitaji kuzoea," Abdilatif alisema kwenye kipaza sauti.

"Anahitaji unga!" Khadijo akapaza sauti kutoka mbele. "Kwani umekwisha? Mpe!"

"Mpe gunia zima!" umati ukaitikia.

Wakampa. Ngamia alikula gunia zima kwa utulivu, akaipiga ndoo teke, akaikata kamba na kushika njia ya kwa Saado. Umati ulimpisha kwa heshima. Abdilatif alimfuata mbio, kipaza sauti kisicho na waya kikiwa bado mkononi na bado kinawaka, hivyo mji mzima ukamsikia akihema: "Mshikeni! Nimeibiwa! Mimi sijui ngamia, wallahi sijui!" Lilikuwa tangazo lake la kwanza lisilo na uongo.

Nyuma yake, Mustafe alifikiri kidogo. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaingia garini pamoja na mauzo yote ya wiki. Kilio cha Abdilatif kilisikika kikipita mjini kutoka kwenye vipaza sauti vya gari hilo, kikififia kadiri lilivyokaribia daraja la Tana, mpaka kikakatika.

Zizini kwa Saado, ndama alikuwa akinyonya.

"Ngamia ni wako, Mtaalamu," Saado alisema. "Mchukue. Ndama ni wangu."

Abdilatif alimtazama ngamia. Ngamia akamtazama yeye, akigeuza shingo taratibu. Abdilatif akaketi chini vumbini.

Khadijo alitoka nyuma ya nyumba na birika. Mgeni ni mgeni. Akammiminia chai nyeupe, yenye povu la maziwa ya mbuzi wake.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Hii tumekama wenyewe."