Jinsi Joka la Mita Tano Lilivyopunguzwa Bila Kisu

Vuteni viti, enyi watu wa vibarazani na enyi watu wa skrini, sogeeni na simu zenu zenye nyufa, mnyamaze kidogo kama mnavyonyamaza umeme ukikatika. Kwa maana ninawasimulia vita visivyomwaga tone la damu, ila vilimwaga sifa nyingi zilizokuwa zimeshapakuliwa. Ninamsimulia Fundi wa Cherehani, Bingwa wa Pindo Zilizonyooka, Mlinzi wa Ukurasa wa Mtaa, aliyesimama peke yake, futikamba ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, mbele ya nyoka aliyekufa na mama mkwe aliye hai.

Siku ile nyoka alipotokea kwenye stoo ya mkaa, Fundi alikuwa chumba cha mbele akishona, cherehani ikinguruma, wala hakuona kitu. Alipofika, vita vilikuwa vimekwisha. Mama Mkwe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mchi mkononi, akihema. Na mume wa Fundi amesimama mlangoni, anaeleza. Na mwanaume yule, jamani, alijua kueleza.

"Mita tano," alisema. "Kama si mimi kuubana mkia, saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine."

Kisha akamnyanyua nyoka kwa kijiti, akakisogeza kijiti hadi karibu na jicho la simu, mwenyewe akajirudisha nyuma kadiri mkono ulivyomruhusu, hata nyoka akatokea pichani mnene kuliko paja la aliyemshika. Fundi akapiga picha. Fundi huyu, ambaye mteja akisimama tu mlangoni huwa ameshajua kiuno chake, siku hiyo hakuuliza wala hakupima. Akaandika "joka la mita tano", akarusha mtandaoni.

Mtaa ukawaka. Ukurasa uliozoea kutangaza maji kukatika na mbuzi kupotea ukafurika mioyo myekundu kama haujawahi kupendwa, na wageni wakaanza kuingia uani kwa makundi kumpa pole na hongera shujaa wa mchi. Lakini ajabu kubwa kuliko zote ilitokea ndani ya nyumba. Mama Mkwe, ambaye tangu harusi alimwita Fundi "huyu wa cherehani", alisema mbele za watu, "Mkwe wangu ndiye aliyeandika." Akamsogezea kiti. Akampakulia minofu kabla ya mwanawe. Fundi akala taratibu ili mlo usiishe upesi, maana neno hilo alikuwa amelisubiri kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri.

Raha hiyo haikukaa. Asubuhi iliyofuata Mwalimu wa chekechea, ambaye shule yake imepakana na ua ule, alipiga hodi akiwa ameshika chaki ambayo haikuwa na kazi.

"Fundi, leo nimefundisha viti," alisema. "Hakuna mtoto hata mmoja. Wazazi wanasema joka la namna ile halikosi mwenzake, na huyo mwenzake yuko kwenye mtaro wangu. Sasa niambie, mita tano hizo umezipima?"

"Amesema mume wangu."

"Sijauliza nani amesema."

Fundi akaitazama futikamba iliyokuwa shingoni mwake. Alitamani sana kosa liwe la mumewe, au la kijiti, au hata la marehemu nyoka. Lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa chake, na bado kilikuwa pale mkononi kikimtazama. Akajua pia gharama yake. Akiligusa lile joka, atakuwa ameigusa fahari ya mama mkwe wake, na kesho atarudi kuwa huyu wa cherehani, na minofu itajua njia yake ya zamani.

Hata hivyo akaondoka, enyi wasikilizaji, akavuka ua mpana wenye kamba za nguo, akapita katikati ya shuka zilizoanikwa kama jemadari apitaye katikati ya bendera, akafika stoo. Humo nyoka alilazwa kwenye beseni chini ya gunia, akionyeshwa wageni kwa mbali, mlango nusu wazi, tochi marufuku. Harufu ilikuwa imeanza kutangulia habari zake.

"Mama," Fundi akasema, "naomba nimpime."

"Nani? Marehemu?"

"Mama, nisikilize, kisha unikasirikie unavyotaka. Nguo ya mtu siikati kwa kusikia. Iweje mtaa mzima niwashonee hofu isiyo saizi yao? Watoto wamefungiwa ndani kwa sababu yangu mimi. Ukitaka kurudi kuniita huyu wa cherehani, niite, nitaitika. Ila siwezi kuendelea kula minofu ya mita ambazo sijaziona."

 Mama Mkwe akainuka, akalivuta gunia, akakunja mikono ya gauni.

"Shika kichwa wewe," alisema. "Mkia nashika mimi. Hata siku ile haukuwa na mtu wa kuushika."

Fundi akainua macho. "Mume wangu si ndiye aliyeubana?"

"Alibana meza. Alikuwa juu yake, na viatu vyake."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema nini, na mwenyewe ndiye niliyemzaa?"

Basi hapo, juu ya sakafu yenye vumbi la mkaa, pambano kuu likaanza. Futikamba ikanyooshwa. Nyoka akanyooshwa. Na Mama Mkwe, ambaye fahari yake haikuwa tayari kuzikwa bila kupigania, akaanza kurudi nyuma taratibu na mkia.

"Mama, usivute."

"Sivuti. Namnyoosha."

"Umemvuta."

"Mpe na yeye haki yake, alinisumbua sana."

Futikamba yenyewe haikufika hata mwisho wake. Ilisoma sentimita themanini na nane. Wanawake wawili wakamtazama nyoka, na nyoka, kwa upole aliokosa alipokuwa hai, akawa mdogo mbele ya macho yao.

"Andika themanini na sita," Mama Mkwe akasema hatimaye. "Mbili ni za kuvuta."

Fundi akaishika simu kama mtu anayeshika upanga. Akaandika: "Niliwaambia mita tano. Sikuwa nimepima. Leo nimepima, ni sentimita themanini na sita. Picha ilimkuza kwa sababu alisogezwa karibu na simu. Kama ana mwenzake, sijui, hatujamwona. Aliyemuua ni mama mkwe wangu, peke yake, gizani, bila kujua ukubwa wa kitu anachokipiga."

Mama Mkwe alisomewa, akataka arudiwe kipande cha mwisho, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Na mwanangu je?" akauliza. "Andika kwamba alikuwepo."

"Alikuwepo wapi, Mama?"

Mama Mkwe akapumua, kama anayekabidhi funguo za ngome. "Juu ya meza."

Mioyo myekundu haikumiminika safari hii. Ilidondoka mmoja mmoja, kwa kinyongo, na wengine waliandika kwamba wametapeliwa joka lao. Lakini wazazi walisoma, na mchana huo Mwalimu alipata watu wa kufundisha, kelele zao zikavuka ukuta hadi kwenye cherehani.

Jioni mume akarudi, uso umemvimba kwa utani wa njia nzima.

"Mke wangu, ya meza nayo ilikuwa lazima? Haya, angalau ongeza kwamba ile meza ni fupi. Fupi kabisa. Karibu na kusimama chini."

"Mwanangu," Mama Mkwe akasema, na mume akageuka akidhani ameitwa yeye. Kumbe mama alikuwa anamtazama Fundi. "Kapime kwanza."

Fundi akainuka, akaivua futikamba shingoni, akaenda. Na katika kumbukumbu za mtaa ule, mbele ya vizazi vitakavyoulizia, imehifadhiwa hadi leo kwamba meza ilikuwa na kimo cha sentimita sabini na nne, na hakuna aliyebisha.