Theluji Hadi Kiunoni Kwenye Mto Tansy

Jumatatu, 9 Juni

Nimeapa tena. Mwaka huu hakuna theluji! Nimeapa mezani, mkono juu ya ramani. Mke wangu Noreen akasema mkono huohuo uliapa mwaka jana, tofauti ni kwamba siku hiyo ulikuwa na glavu.

Kasema kweli. Nakiri hapa kwenye daftari, maana kwingine siwezi: Juni iliyopita nilimpeleka binti yangu Signe kwenye theluji ya mapajani. Nilimwambia ni viraka tu. Njia ikapotea, buti lake la kushoto likamezwa, akashuka mlima na soksi ndani ya mfuko wa mkate. Maili nne. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Tarehe ishirini anaondoka kwenda Alaska, kazi ya mwaka mzima. Safari ya wikendi hii ndiyo ya mwisho kabla hajaenda. Leo ametamka, kwa upole ule unaouma: atakayeleta njia kavu ndiye atakayesafiri naye. Mimi au Mjomba Vaughn. Nikimkanyagisha theluji tena, basi kuanzia hapo safari zote ni za mjomba.

Vaughn! Kaka wa mke wangu. Anajitolea kutengeneza njia za msituni. Ana kofia ngumu. Ana msumeno wa watu wawili, na ameupa jina. Msumeno unaitwa Gladys.

Jumanne, 10 Juni

Vaughn kaja na njia yake, kakaa kwenye kiti changu. Bonde la Mto Tansy: chini kabisa, misonobari, maua, theluji iliisha tangu Aprili. Signe akasema mjomba, hiyo imekaa vizuri.

Shida ya njia ya Vaughn ni kwamba haina kasoro. Nimetafuta kasoro saa mbili nzima.

Nikatoa yangu: Ziwa Huckle. Juu, futi elfu tano na mia nane. Nikasema mteremko unatazama kusini, jua linaupiga kutwa. Noreen akauliza kama nimepiga simu ofisi ya misitu kuulizia theluji. Nikasema nimeongea nao. Ni kweli. Niliongea nao miaka sita iliyopita.

Nikajifariji na sandwichi yangu ya siagi ya karanga na matango ya siki. Vaughn akasema shemeji, jimbo zima la Washington hakuna mwingine anayekula uchafu huo. Wivu.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya jambo baya. Naliandika upesi kabla halijaanza kuonekana zuri.

Huku kwetu mtu hapandi mlima Juni bila kusoma taarifa za njia. Kila anayerudi anaandika mtandaoni: theluji inaanzia wapi, miti mingapi imeanguka, mbu wakoje. Tunaziamini kuliko redio. Tunaziamini kuliko daktari.

Basi mchana, pale gereji ninapotengeneza mabasi ya shule, nimeandika ya kwangu. Jina: Mzee wa Buti. Mto Tansy hapafai! Theluji hadi kiunoni kuanzia maili ya pili! Daraja limekwenda na maji! Ili niaminike nikaongeza mambo madogo ya kweli: nilikaa juu ya gogo, nikala sandwichi ya siagi ya karanga na matango ya siki, nikageuza.

Kazi safi sana.

Alhamisi, 12 Juni

Watu arobaini na mmoja wamemshukuru Mzee wa Buti. Sijawahi kushukuriwa na watu arobaini na mmoja.

Noreen kamsomea Vaughn kwa simu. Vaughn kasema theluji ya kiuno pale chini, mwezi huu, labda imeanguka kutoka kwenye lori. Lakini daraja ni daraja. Kikosi chao cha kujitolea kimeitwa, watu tisa, waende wikendi na mbao na Gladys. Kwa hiyo hawezi kusafiri na Signe. Ushindi!

Aibu niliisikia, sikatai. Kama punje ya njegere hivi.

Signe kaisoma taarifa mara mbili. Kisha kaniuliza safarini ningependa kula nini. Nikasema kama kawaida, mwanangu. Akatabasamu. Mtoto mwema.

Ijumaa, 13 Juni

Tumefika mwanzo wa njia ya Ziwa Huckle saa kumi na moja jioni. Magari kumi na moja yameegeshwa! Sijui watu wote hawa wametoka wapi. Najua, ila siandiki.

Kufungua shanta la Signe nikaona mabuti mawili zaidi ya aliyovaa. Hapana, moja. Nikauliza la nini. Akasema la akiba, baba. La kushoto.

Jumamosi, 14 Juni

Theluji ya kwanza: maili ya kwanza. Nikasema kiraka. Ya pili: kiraka kikubwa. Ya tatu haikuwa na mwisho.

Kwenye gogo tukakuta familia kutoka Yakima, wamelowa. Baba yao akasema walipanga Mto Tansy, ila kuna mpumbavu, sijui Mzee wa nani, na siku akimtia mkononi... Mkewe akamziba mdomo kwa glavu. Signe akamwomba aendelee, akasema baba yangu anapenda sana hadithi.

Nikaongeza mwendo. Hatua kumi, theluji ikapasuka chini yangu. Nikazama. Hadi kiunoni! Kipimo kilekile nilichoandika.

Signe hakunivuta. Alikaa, akafungua sandwichi, akanipa nusu, akauliza Mzee wa Buti huwa anataka matango mengi au machache.

Nilikiri yote. Nilikiri hadi ya daraja. Nilikiri na ya simu ya ofisi ya misitu, ambayo hakuniuliza. Magoti siyahisi, nakiri tu.

Akanisikiliza akitafuna. Kisha akasema maneno machache, na hayo ndiyo yamenimaliza. Kwamba Jumanne, kabla ya taarifa yoyote, alishamwambia mjomba ataenda na baba, hata baba akichagua pabaya. Ndiyo maana alinunua buti. Alitaka tu nipige simu mara moja maishani. Na alipojua nimedanganya alisubiri niseme mwenyewe. Alinipa siku mbili na maili mbili.

Ndipo akanivuta. Akasema tunashuka, tunakwenda Tansy, na utamwambia mjomba usoni.

Jumapili, 15 Juni. Siku ya Baba.

Mto Tansy. Pakavu! Maua ya njano hadi magotini. Watu tisa wamelizunguka daraja, nalo ni zima kabisa, wanalitazama. Mbao walizibeba mgongoni maili tatu.

Nilisema. Mama mmoja wa miaka sabini, ameshika shoka, akaniuliza kama nina bima. Vaughn alicheka hadi akamwegemea Gladys. Akasema shemeji, wewe si mtu, wewe ni maafa ya asili.

Adhabu: mbao zote zirudi barabarani, nizibebe mimi. Safari tatu. Nilipoinua mzigo wa kwanza nikaona ni mwepesi ajabu. Nikageuka. Signe ameshika upande wa pili, anapiga mluzi.

Jioni tumekaa ukingoni, miguu majini. Akasema akirudi mwakani tuje hapa tena, baba, mimi na wewe tu, pakiwa pametulia hivihivi. Nikaahidi.

Sitadanganya tena. Naliandika kwa wino.

Jumanne, 17 Juni

Nimeandika taarifa ya kweli, kwa jina langu kamili: Merle Haugland. Njia ya Mto Tansy ni kavu, daraja ni zima, nilidanganya, nisameheni. Nimejisikia mwepesi kama mtu aliyevua shanta.

Hadi mchana watu mia na kumi wameshukuru. Baadaye wakaanza kujibu. Mmoja anakuja na kwaya ya kanisa. Mwingine na skauti kumi na wanne. Mwingine anakuja na lama wake, wale wanyama wa mizigo kama ngamia wadogo, watatu, na anauliza kama maua yanalika.

Lama! Kwenye maua ya mwanangu! Na watu wakishazoea mahali hawatoki, mwakani watakuwa palepale. Mimi niliahidi utulivu. Ahadi kwa mtoto ni ahadi.

Basi nimeandika kitu kidogo. Kidogo sana. Nyoka. Mmoja tu, kisha nikaona mmoja hatoshi. Jina jipya: Bibi wa Spokane. Na safari hii nimekuwa makini, akili imenikaa. Sandwichi sikuitaja kabisa.

Nimesema tu kwamba nyoka mkubwa kuliko wote aliniibia matango yangu ya siki.