Kuhusu Jogoo Aliyefunikwa Kapu, na Saa Moja Ninayoiomba

Ndugu Mchapishaji wa riwaya za Kikristo,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikiwa na afya njema na moyo uliochafuka.

Mimi ni mshonaji wa sare za kwaya. Kikundi chetu cha akina mama kilipata nakala moja tu ya riwaya yenu, ile ya mwalimu wa shule ya Jumapili anayerudi nyakati zilizopita kwa kiti cha ajabu. Kwa kuwa tuko sita na hakuna mwenye subira, nilikifumua kitabu, nikakigawa vipande sita, nikapunguza kingo kwa mkasi zilingane, kisha kila kipande nikakishonea jalada lake gumu. Vimependeza. Tunabadilishana kila Jumapili. Malalamiko yangu ni haya.

Kwanza. Mwalimu anamzika kaka yake, na mimi nililia nikalowanisha kitambaa cha mteja. Jumapili iliyofuata nafungua kipande kingine, kaka huyo huyo anakunywa chai na kulalamika haina sukari. Ndugu, kama ni ufufuo, andikeni ni ufufuo, tujue tuimbe nini.

Pili. Mwalimu anarudi hadi alfajiri ile mtume alipomkana Bwana, anamkamata jogoo na kumfunika kapu. Jogoo hawiki, mtume halii, anakwenda zake kulala. Mnaona mlichofanya? Asiyelia hajuti, asiyejuta hahubiri, na asipohubiri yeye, mimi leo nashona sare za kwaya gani? Mume wangu naye kashikilia hapo hapo. Nikimtaka aniombe radhi kwa kuunguza hariri yangu kwa pasi, ananijibu, "Subiri mama watoto, jogoo wangu hajawika."

Tatu. Usharika mzima umeacha kuombana msamaha. Mzee wa kanisa alipomwita seremala apatane na shemeji yake, seremala alisema kwamba katika historia ile nyingine, ile iliyobadilishwa na kiti, walishapatana, haoni sababu ya kurudia kazi.

Nne, na hapa naomba unisome polepole. Mmoja wa wale sita ni dada yangu. Hatujasemezana miaka mitatu. Hata vipande vya kitabu tunapitishiana kwa mke wa mchungaji. Mama alipofariki nilisema gauni la kumzikia nitalishona mimi. Jeupe, vifungo kumi na kimoja. Nilichelewa saa moja. Dada alisubiri, akachoka, akanunua la dukani, mama akazikwa nalo. Nilimwambia maneno ambayo barua ya Kikristo haiwezi kuyabeba. Gauni langu bado linaning'inia nyuma ya mlango. Sasa mwalimu wenu anapewa siku nzima ya kurudi kwa kaka yake. Mimi sitaki karne, sitaki enzi za manabii. Nataka saa moja.

Kwa hiyo ombi langu ni jepesi. Kama kiti hicho ni uongo, kiondoeni kitabu makanisani kote kabla watu hawajaharibikiwa. Kama ni kweli, niazimeni. Mkiona shida kukisafirisha, nitumieni vipimo tu, seremala ataunda na mto wake nitaushona mwenyewe.

Wasalimie wapiga chapa, mchora majalada, mlinzi wa getini na wote wa nyumbani kwako.

Wako katika imani na masikitiko,
Mshonaji wa sare

Nyongeza: Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, dada aliingia. Hakuja kwa amani. Alikuja kwa hasira, kipande chake kinaanzia katikati ya sentensi. Tukawatuma watoto wakusanye vipande vilivyobaki kwa wenzetu, tukavitandaza vyote sita juu ya meza ya kukatia, tukiunganisha sentensi moja moja. Kumbe kaka alizikwa mwishoni kabisa, akiwa mzee. Jogoo alifunuliwa na mwalimu mwenyewe, akiomba toba. Na kiti kiliharibika mapema, akaenda kwa kaka yake kwa miguu. Namba za kurasa nilizikata mimi na mkasi wangu.

Akiwa anatoka, dada aliliona gauni nyuma ya mlango. Akashika vifungo. Akasema, "Kumbe ulilimaliza." Nikamwambia nilichelewa. Akarudi kukaa.

Barua naituma hivyo hivyo, stempu nimeshabandika. Ila ile saa moja msihangaike nayo. Amekaa tatu.