UPS Thelathini na Sita za Ghorofa ya Tano

Nereo Quiñones alikuwa kwenye foleni ya mkate mjini Mayagüez, wala hakuwa na haja kubwa ya mkate, alipomsikia mwanamke aliyemtangulia akimlalamikia mwenzake.

"Mara nne wiki hii! Niko kwenye simu na mteja, namwambia subiri kidogo mama, mara kompyuta hiyo, giza! Bosi wangu yuko Ohio huko, anadhani nimelala."

"Si ununue UPS, ile betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika?"

"Ipi sasa? Dukani zimejaa, zote nyeusi, zote zinafanana. Mimi nitajuaje nzuri na mbovu?"

Mtu mwingine angetikisa kichwa na kuulaani umeme. Nereo alitabasamu kama aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Akanunua mkate wake akaondoka bila kungoja chenji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu abatizwe.

Wiki iliyotangulia, ofisi moja ya wahasibu huko Hormigueros ilikuwa imefungwa, na mwenye jengo alimwomba Nereo amzolee takataka. Ndani ya takataka hizo mlikuwa na UPS ishirini na kitu, betri zimekufa siku nyingi. Sasa, UPS iliyokufa betri ina tabia moja nzuri sana kwa mtu mwenye moyo kama wa Nereo. Ukiichomeka wakati umeme upo, inawaka taa ya kijani, inapitisha umeme, inakaa chini ya meza na heshima zake zote. Kengele ya kuonya unaikata kwa plaizi, taa nyekundu vilevile. Umeme ukikatika ndipo mwenyewe atagundua kwamba amenunua tofali. Na umeme ukikatika, Nereo atakuwa mji mwingine, na namba nyingine ya simu.

Akazisugua kwa nta ya gari mpaka zikang'aa, akazibandika stika ya dhahabu iliyoandikwa "Centinela", yaani mlinzi. Moja tu ilikuwa nzima. Hiyo ndiyo ya kuonyeshea watu.

Jambo la ajabu ni kwamba ushauri wake ulikuwa wa kweli mtupu. Nereo aliamini kwamba uongo mmoja unahitaji ukweli mwingi wa kuufunika, kwa hiyo alikuwa amesoma. Aliingia nyumba za Añasco na Rincón akiwa na shati la guayabera la bluu na marashi ya kutosha kanisa zima, akawafundisha watu kama profesa. Kwanza jumlisha vitu unavyotaka kuvichomeka. Kompyuta, skrini na kile kisanduku cha intaneti, basi. Printa usiichomeke, itainyonya betri. Friji usithubutu. Usitafute ya kukesha nayo, tafuta ya kukupa dakika kumi au kumi na tano, uhifadhi kazi yako na kuzima kwa amani. Angalia tarehe ya betri, na uulize kama betri mpya zinapatikana. Watu walisikiliza, wakaridhika, wakalipa, wakapelekewa tofali.

Wiki sita baadaye alirudi Mayagüez, akabandika tangazo kwenye nyumba ya kufulia nguo. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa Doña Aurea Tirado, mwenyekiti wa wakazi wa jengo moja la ghorofa tano, karani mstaafu wa mahakama, umri miaka sabini na moja, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Karibu, mwanangu. Mimi ni mtu mzima, mambo haya siyajui. Nieleze polepole."

Nereo akaeleza. Doña Aurea akaandika kila neno kwenye daftari, na kila mara akimrudisha nyuma.

"Printa umesema tusichomeke?"

"Msichomeke, mama."

"Na mtu atajuaje kama betri ni nzima?"

"Unawasha taa ya mezani kupitia UPS, halafu unachomoa waya wake ukutani. Taa ikibaki inawaka, betri nzima. Ikizimika, umelizwa." Akafanya hivyo papo hapo na ile nzima yake. Taa haikupepesa hata kidogo.

"Mungu akubariki! Hakuna aliyewahi kunieleza hivi." Akafunika kalamu. "Hapa tuna nyumba thelathini na sita, na nusu ya watu wanafanya kazi kwenye kompyuta nyumbani. Wote wanataka. Hundi moja ya wote, siku ya kukabidhi. Ila kamati yangu ina watu wagumu, mwanangu. Wanaomba utuletee sita za majaribio kwanza, tuziweke wiki mbili, kisha utazichukua. Zikifaulu, tumemaliza."

Thelathini na sita! Nereo alisikia masikio yakimpata joto. Sita nzima dukani zingemkausha akiba yote, lakini mvuvi gani hulilia chambo? Akazinunua hukohuko kwenye duka kubwa la barabarani, akabandua nembo, akabandika Centinela, akazipeleka kesho yake. Doña Aurea alimpokea na sahani ya sambusa kubwa za nyama ya kaa, na karatasi.

"Weka saini hapa, ni ya kupokelea vifaa. Kula kwanza, zitapoa."

Nereo, ambaye maisha yake yote aliwafanya watu watie saini karatasi wasizozisoma, akaweka saini mdomo ukiwa umejaa.

Wiki mbili zile umeme ulikatika mara saba, na kila ulipokatika Nereo alipiga simu, sauti ikitetemeka kama ya baba nje ya chumba cha uzazi.

"Zimeshika, mama?"

"Zimeshika, mwanangu! Hakuna aliyepoteza hata herufi moja."

Tatizo likawa mzigo. Stoo yake ilibaki na mbovu kumi na moja tu. Akawaendea wauza vyuma chakavu mpaka Aguadilla, nao, wakimwona anahema, wakapandisha bei. Nereo Quiñones, kwa mara ya kwanza, alinunua takataka kwa bei ya bidhaa, tena akashukuru. Akazisugua zote peke yake, mgongo ukimuuma, akijiambia kwamba heshima ya kazi ni jasho.

Jumamosi saa tano asubuhi alipandisha masanduku thelathini na sita kwa lifti, safari sita, hadi ukumbi wa ghorofa ya tano. Wakazi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, feni zinazunguka, harufu ya wali wa mbaazi na nguruwe wa kuokwa imetanda. Wakampigia makofi. Nereo akainama kidogo, mkono kifuani.

"Kabla ya hundi," alisema Doña Aurea akivaa miwani, "wakazi wanaomba lile jaribio la taa."

"Kwa furaha!" Nereo akanyoosha mkono kuichukua ile ya kuonyeshea.

"Hiyo nimeshaiona. Fungua ile ya chini kabisa."

Ulimi wa Nereo haukumtupa. "Mama, hizi ni mpya, bado hazijachajiwa. Zinahitaji saa nane kwenye umeme. Mtaalamu yeyote atakuambia."

"Ni kweli." Doña Aurea akapekua daftari. "Ukurasa wa pili, ulisema. Basi tuchaji. Chakula kipo, domino zipo. Tutasubiri."

Watu wakavuta viti karibu. Mzee mmoja akaanza kupanga domino. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwembamba aliyepakata UPS yenye stika ya dhahabu kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nereo aliijua stika kabla ya kuujua uso.

"Huyu ni mdogo wangu Carmín, wa Añasco," alisema Doña Aurea.

Carmín akaitua mezani. "Hii yangu imechaji miezi miwili," akasema. "Tuijaribu?"

Akaichomeka, akawasha taa, akachomoa waya. Giza lililoingia kwenye ile taa ndogo lilikuwa dogo, lakini kila mtu aliliona.

"Nilikuwa natafsiri hati za kesi," Carmín akamwambia, bila kupaza sauti. "Kurasa arobaini zilipotea, na kazi ikapotea. Dada aliposoma tangazo lako akanipigia, nikamwambia guayabera ya bluu na marashi."

Nereo akaitazama ile UPS, kisha mlango. Alichopata kusema ni hiki: "Mama, basi tuachane kwa amani. Nirudishieni zile sita zangu."

"Zipi? Zile ulizotoa msaada?" Doña Aurea akainua karatasi. "'Mimi Nereo Quiñones, kwa hiari yangu, natoa zawadi kwa wakazi.' Saini yako, na tone la mafuta ya sambusa. Moja anayo Carmín, tano ziko kwa wateja wako wengine wa Añasco na Rincón. Tuliwapata sita tu. Waliobaki utatuandikia majina hapa, na utawarudishia chao. Ukipenda twende kwa polisi ukalalamike, nakusindikiza. Kule mahakamani bado wananisalimia."

Nereo akaandika majina. Akaandika yote, hata la padri.

"Kwa hiyo... ninyi hamnunui?" aliuliza mwishowe, maana tumaini la tapeli ni gumu kufa.

"Tumeshanunua, mwanangu! Ziliwasili juzi kutoka dukani. Tulifuata daftari neno kwa neno, tarehe ya betri, kila kitu. Wewe ni mwalimu mzuri ajabu."

Wakampigia makofi tena, na haya yalikuwa ya dhati. Jambo la aibu ni kwamba yalimfurahisha.

Makofi yalikuwa hayajaisha feni ziliposimama. Umeme ulikuwa umekatika, na lifti nayo.

Nereo akaanza kujivuta kuelekea mlangoni, mikono mitupu.

"Na hizi?" Doña Aurea akamwonyesha masanduku thelathini na sita. "Kanuni ya jengo hairuhusu betri mbovu kuachwa ukumbini. Ngazi iko kulia."

Akaibeba ya kwanza. UPS, kama alivyopenda kuwaambia wateja, ni nzito kwa sababu ya betri, na uzito ni dalili ya ubora. Akaitua chini kando ya barabara. Akapanda, akabeba ya pili. Akapanda, akabeba ya tatu.

Kwenye ghorofa ya pili mlango mmoja ulikuwa wazi kupisha hewa. Ndani, mwanamke mwenye spika za masikioni alikuwa mbele ya skrini inayong'aa, akamwonyesha kidole mdomoni: nyamaza, niko na mteja. Nereo akasimama kwa ncha za viatu, tofali begani. Mwanamke akaagana na mteja, kisha akageuka. Kumbe ni yule wa foleni ya mkate.

"Kaka, inalia pii, pii. Imeharibika?"

Nereo akachungulia. "Haijaharibika. Inakuambia dakika zinakwisha. Hifadhi kazi yako sasa hivi, kisha zima kompyuta taratibu. Na hiyo printa ichomoe hapo."

Mwanamke akafanya hivyo. Skrini ikazimika kwa amani, hakuna kilichopotea.

"Wewe unayajua haya!" akasema akimpa glasi ya maji. "Kwa nini hufungui duka?"

Nereo akanywa maji yote. Akarudisha glasi, akaliweka tofali sawasawa begani; juu yalikuwa bado masanduku thelathini na matatu.