Magunia Chini ya Kitanda Changu

Kisangani, Machi 1961

Ndugu Mhariri,

Pokea heshima za mtu anayependa uhuru, wa nchi na hata wa magazeti, kila mmoja ukikaa mahali pake. Mimi ni Zacharie, chef de bureau, yaani mkuu wa ofisi ya ugavi hapa Makiso. Jumamosi iliyopita ulichapisha barua ya siri ya serikali, isemayo kwamba chumvi, ambayo redio inatangaza imekwisha jimboni, imefichwa katika nyumba za wakubwa, na kwamba magunia manane yako chini ya kitanda changu. Sikatai. Nalalamika kwamba umesema.

1. Kitanda ni cha mtu na mke wake. Serikali ilipoleta magunia ilibisha mlango. Wewe umeingiza mji mzima bila hodi.

2. Mke wangu Angèle amepika pondu, majani yetu ya muhogo, bila chumvi tangu Januari. Nilimwambia magunia yale ni archives, nyaraka za serikali, naye, kwa uzalendo wake, hakuyagusa. Alisoma gazeti lako amesimama, kisha akaniuliza taratibu, akiniita kwa jina la binti yetu: «Papa Colette, archives ya serikali inakuwaka na chumvi?» Nilimwambia alete swali hilo kwa maandishi.

3. Shemeji zangu wamefika kutoka Isangi kwa mitumbwi, na samaki wabichi. Wamekaa uani kwa adabu, hawaombi kitu, wanatazama tu dirisha la chumba cha kulala. Tonton Lambert, mkubwa wao, alisema watangoja hata samaki wakioza. Samaki wakaanza.

4. Ukurasa wa pili, ambao mhariri mwenye huruma angeupoteza, ulisema gunia la tisa liko ng'ambo ya mto kwa mwanamke aitwaye Micheline, «kwa agizo la Bwana Zacharie». Angèle aliufikia kaka zake wakiwa tayari uani, na hapo hakuuliza tena. Alitoa magunia yote uani akagawia mtaa kwa vikombe, kaka zake kwanza. Kitanda kilichozoea kuegemea chumvi sasa kinabonyea katikati, nami nakilalia peke yangu.

Kwa hiyo naomba: barua za siri zionyeshwe kwanza kwa waliotajwa ndani, wakate majina, magunia na chumvi. Kitakachobaki, yaani tarehe na muhuri, kichapishwe bila woga wowote.

Jua pia kwamba mkuu wangu anataka nitie sahihi Jumatatu ijayo barua ya kulifunga gazeti lako, na wewe kukufunga gerezani. Ameniachia kalamu yake.

Wasalimie wapiga chapa na watu wa nyumbani kwako. Angèle anakusalimu, kwa moyo kuliko mimi. Tonton Lambert anakutumia samaki. Huyu ametiwa chumvi.

Wako katika uhuru wenye mipaka,
Zacharie

N.B. Ndani ya bahasha utakuta barua nyingine ya siri, kuhusu sukari ya mkuu wangu. Yeye hukumtaja, na Jumamosi alilala vizuri sana. Ichapishe kabla ya Jumatatu, ukurasa wa kwanza, pamoja na jina la mtaa wake. Usikate hata neno moja.