Ombi la Kuachia Kiti Kabla ya Mvua

Kwa Mheshimiwa Mayandi,
Mjumbe wa Bunge la Jimbo,
Chennai.

Mheshimiwa mwanangu,

Nakuuliza hali kwa sababu adabu inataka hivyo, ingawa hali yako naiona kila siku kwenye bango la kituo cha basi: umenona, umekunja mikono kifuani, unacheka. Mimi ni Pechiyammal wa Nallankulam, mama yake Chelladurai, yule uliyekaa naye dawati moja, na mimi ukaniita Mama Mkubwa kila uliposikia harufu ya uji. Nimesoma mpaka darasa la tatu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, herufi ni kubwa na ziko wazi, kwa hiyo usije ukasema hukuelewa.

Ningepiga simu, lakini simu yako inapokelewa na kijana mmoja mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi. Kila nikipiga ni "Bibi, Mheshimiwa yuko kikaoni." Nilimwuliza, "Kikao gani hicho ambacho watu hawatoki hata kwenda haja?" Akakata.

Basi shida yangu nakwambia mapema nisikuchoshe. Nataka uchaguzi. Sitaki kungoja mpaka muda wako uishe. Nautaka mwaka huu huu, kabla ya mvua kubwa, na kwa kuwa kiti ni chako, nakuomba kwa heshima zote ukiachie. Sababu kubwa ni Chelladurai. Yuko Tiruppur anashona fulana kiwandani, na nyumbani kwake haji ila kupiga kura. Sababu nyingine ninazo pia. Nimezipa namba kama wanavyofanya watu wa ofisini.

Namba moja ni sari yangu. Kampeni iliyopita ulifika bombani kwetu na ngoma na wapiga picha, ukaninyang'anya ndoo, ukachuchumaa, ukaanza kunifulia. Watu wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilicheka, nakiri. Lakini ulifua upande mmoja, ukapigwa picha, ukanyanyuka na kwenda kwa Irulayi jirani yangu, ukamkaangia vadai zake, zile bagia za dengu, zikaungua zote, na huko nako ukapigwa picha. Sari uliiacha na povu lake. Mwanangu, kufua hujui, wala sikukuita ufue. Ila mtu akishaanza kufua nguo ya mwenzake hurudi kuisuuza. Nilikungoja. Irulayi akapita akaniambia, "Dada, hiyo sari isuuze tu mwenyewe, fundi wako atarudi kura nyingine." Sasa nataka kura nyingine.

Namba mbili, barabara. Ulipogombea mara ya pili lami ilifika kisimani. Ulipogombea mara ya tatu ikafika shuleni, pale penye chumba cha kura, ikakatika mlangoni kama iliyokatwa kwa kisu. Nyumba yangu iko mbele zaidi, ukishapita shule, unaijua. Kwa mwendo huo lami inahitaji chaguzi mbili nyingine kunifikia, na mimi sina umri wa kungoja chaguzi mbili za miaka mitano mitano. Nisaidie tuziharakishe.

Namba tatu, jicho. Kabla ya kura uliita madaktari wa macho wakapiga hema uwanjani. Wazee tulipangwa foleni, tukapewa chai. Jicho langu la kulia likatibiwa vizuri sana, Mungu akubariki. La kushoto daktari akasema, "Hili tutalifanya awamu ijayo, bibi." Nilidhani awamu ijayo ni wiki ijayo. Kumbe alimaanisha awamu yako. Kwa hiyo tangu nikupigie kura nakuona nusu. Na miguu yangu nayo inauliza. Siku za kampeni uliiinamia na kuigusa mara tatu kwa siku moja, kwa sababu mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Miguu hii ipo hata miaka isiyokuwa na kura, Mayandi. Tena ndiyo miaka inayouma.

Nilikuwa na namba nyingine ya birika ulilotugawia, kwa vile birika ndiyo alama yako kwenye karatasi ya kura. Linavuja. Lakini hilo naliacha, nisionekane mtu wa kulalamika.

Sasa namba nne, ndiyo yenyewe. Kiwanda cha Chelladurai hakitoi ruhusa. Sikukuu ya Pongal anapopata siku mbili huenda kwa wakwe zake, maana ndio walio karibu. Siku ya kura tu ndiyo serikali humlazimisha tajiri wake amwachie, na wewe ndiye unayempelekea basi, wimbo wako ukilia njia nzima mpaka hapa. Akishuka kwenye basi hilo anakula kwangu, analala barazani, asubuhi anapiga kura, jioni basi linamrudisha. Huo ndio umama wangu.

Mjukuu wangu Valli namjua kwa chaguzi zako. Ule wa kwanza, uliposhindwa na watu wa chama cha mwavuli ukaja kulia jikoni kwangu mpaka nikakupa uji na pilipili ya kukaanga, Valli alikuwa amebebwa kiunoni, hana jino. Ule wa pili, uliposhinda, alisimama mlangoni akamwuliza baba yake, "Huyu bibi ni wa nani?" Ule wa tatu alikuwa ananipita urefu, anaangalia simu yake, na ameshasahau kwamba aliwahi kuniogopa. Wewe una watoto. Niambie kama wako umewaona mara tatu.

Na mkwe wangu, mama yake Valli, si mjinga. Aliniambia kwa upole, "Mama, si tuhamishie kura zetu Tiruppur, usumbufu upungue?" Akataka kadi zao za kura, ambazo nazitunza mimi. Nikamwambia zimeliwa na panya. Kadi ziko ndani ya debe la mchele, nimezifunga kwenye kitambaa, na panya wa nyumba hii hawajawahi kuona kadi maishani mwao. Nakwambia wewe tu. Siku kura zile zikihamia mjini, na mimi nimekwisha.

Usidhani naomba kitu kisichokuwapo duniani. Eneo jirani mjumbe wao alifariki kwa heshima zake zote, wakapata uchaguzi mdogo. Si unaujua uchaguzi mdogo? Jimbo zima halina kazi nyingine, kila mkubwa anahamia kijijini. Waziri mzima alifagia uwanja wa shule. Mashine za kusagia zikagawiwa, pilau ya mbuzi ikapikwa asubuhi na jioni, na vijana waliokuwa wamepotea viwandani wakarudishwa kwa mabasi, wakakaa siku nyingi. Dada yake Irulayi ameolewa kule. Alikuja hapa amevaa sari mpya, akakaa barazani kwangu akijipepea, akasema, "Sisi wenzenu tumebahatika. Wenu ninyi huyo, mzima kama ng'ombe dume!" Kwa mara ya kwanza nilikuonea aibu.

Kwa hiyo njia ziko tatu, nimeulizia kwa mwalimu mkuu.

Ya kwanza, ujiuzulu. Andika karatasi moja tu, mpe Spika. Wapo waliojiuzulu kwa sababu ya pilau, wewe jiuzulu kwa sababu ya mama.

Ya pili, uhame chama. Sheria itakuvua kiti, utagombea tena upande wa pili, na sisi tutakupigia kura vilevile kwa sababu tunakujua. Kuhama unakuweza. Umeshahama mara mbili, tofauti ni kwamba ulihama kabla ya kura, kimya kimya, bila sisi kupata hata chai. Safari hii uhame baada.

Ya tatu, ni ile aliyoitumia mjumbe wa eneo jirani. Sikuombei, Mungu wa mpakani anayelinda kijiji anisikie. Naitaja tu ili namba zitimie. Ila kama imekwisha kupangwa kwamba itakuja, na Mola anakuachia uchague mwezi, basi usichague mwezi wa mvua, mabasi hukwama.

Nikupe muda wa kufikiri, lakini usifikiri sana. Mimi ndiye niliyekutembeza mlango kwa mlango ule mwaka wa kwanza, na sahani ya maji ya manjano ya kukubariki mkononi, nikisema, "Mpeni mtoto wetu, anasikia akiitwa." Nilikusifia usikivu. Usinifanye mwongo uzeeni.

Nisalimie mkeo. Nisalimie dereva wako aliyesahau ndala zake kwangu, mwambie nazivaa. Nisalimie wapiga ngoma, Spika ukimwona, na yule kijana wa simu, mwambie siku moja na yeye atazeeka. Hata wa mwavuli wasalimie, wao angalau huja kunitukana ana kwa ana.

Wako katika kura na katika uji,

Pechiyammal, Mama Mkubwa wako.
Nallankulam, nyumba isiyofikiwa na lami.

Nyongeza. Nilikuwa natafuta punje za wali nigandishe bahasha, Irulayi akaingia anahema. "Dada, Mayandi kaanguka! Kifua. Wamemlaza hospitali, Madurai." Kabla sijakaa nasikia vishindo nje. Vijana wa mwavuli wamekuja na ndoo ya chokaa, wanapaka ukuta wangu weupe, wauwahi kabla ya chama kingine ili waandike jina la mgombea wao. Nikawauliza, "Msiba gani mnaupakia chokaa?" Mmoja akajibu bila haya, "Bibi, kiti kinakaribia kuwa wazi." Nimeimwaga ndoo yao barabarani. Ukuta umebaki nusu mweupe, nusu bado una jina lako.

Halafu simu ikalia, Chelladurai. "Mama, nimesikia habari za Mayandi. Nakuja. Napanda basi la kesho usiku, na Valli namleta. Tutakaa wiki." Nikamwuliza, "Ruhusa umeipata wapi, na hakuna kura?" Akasema, "Nimeomba tu, mama." Nimeomba tu! Miaka yote hii, kumbe huombwa tu. Akifika nitamvuta masikio. Lakini kwanza afike.

Kwa hiyo usijiuzulu, wala usihame, nasikia kuhama kunachosha moyo. Ile njia ya tatu nimeifuta kwa kalamu, na kama bado inasomeka, usiisome. Barua siandiki upya, vidole vinauma. Irulayi anakuletea pamoja na kahawa ya tangawizi kavu ndani ya lile birika lako, nimelizungushia kitambaa pale panapovuja. Unywe ingali moto, uimalize, usiwape manesi.

Ila upone, Mayandi. Upone kabisa. Lakini mwanangu, usifanye haraka. Daktari akikwambia uinuke, mwambie bado kidogo. Lala hapohapo, ukohoe kohoe, mpaka nimwone Chelladurai ameshuka kwenye basi.